Lori la Tani Arobaini

Asubuhi hiyo ofisi ya wahandisi wa madaraja ilikuwa na joto kama tanuri. Lori lililobeba mtambo mpya wa umeme wa hospitali lilikuwa limesimama ukingoni mwa mto, dereva akisubiri neno moja tu: pita, au usipite. Pamoja na nyongeza ya usalama, uzito ulihesabiwa kuwa tani arobaini. Daraja lilikuwa kuukuu. Ng'ambo, hospitali ilijikongoja kwa mtambo mmoja uliochoka.

Kazi walipewa mawifi wawili, wahandisi hodari lakini walioelewana kama paka na panya. Mke alikokotoa kutoka chini, akitafuta uzito ambao daraja lingeubeba bila shaka. Dada wa mumewe alikokotoa kutoka juu, akitafuta uzito ambao ungeliangusha kwa vyovyote. Kila mmoja aliukata mchoro wa daraja kwenye kompyuta yake kuwa pembetatu ndogondogo, huku akiificha skrini kama mwanafunzi katika mtihani.

"Thelathini na tatu," akasema mke. "Lisipite!"

"Sitini na moja," akajibu dada mtu. "Lipite!"

"Wifi, unataka kuzamisha watu?"

"Na wewe unataka wagonjwa wakae gizani?"

Mkuu wao akapiga meza. "Ukweli uko kati ya namba zenu, na pengo hilo ni kubwa mno! Kaeni meza moja."

Wakakaa, wamenuna. Mara mke akaona kwenye skrini ya wifi yake doa jekundu karibu na nguzo ya pili, mahali ambapo daraja lingekunjika kwanza.

"Ala! Hapo ndipo hesabu yangu inaponigomea! Tukate vipande vidogo zaidi hapohapo, sote wawili, namba zikaribie ukweli."

Wakakata. Namba ya chini ikapanda: thelathini na nane, arobaini na tatu. Ya juu ikashuka: hamsini na tano, hamsini. Mioyo ikawadunda.

"Panda, mama, panda!" dada mtu akaishangilia namba isiyo yake.

Ya chini ikatulia kwenye arobaini na saba, ikiwa imeupita uzito wa lori, ya juu kwenye arobaini na tisa.

"Linapita!" wakapiga kelele, wakakumbatiana mpaka kiti kikaanguka.

Lori likavuka polepole, mawifi wakitazama wameshikana mikono, pumzi wamezibana. Magurudumu ya nyuma yalipogusa ng'ambo, wauguzi walipiga vigelegele.

"Namba yako ndiyo iliyolivusha," akasema dada mtu.

"Bila doa lako, wifi yangu, ningelizuia."

Ama kweli, kinga na kinga ndipo moto uwakapo.