Pima Sita za Shehe Muhyiddin

Wametuhadithia waliotutangulia kwamba palikuwa na mji wa pwani ukiitwa Mwambweni (si Mwambani, kama wengine wanavyoutaja), ambao sasa uko chini ya bahari. Mji huo ulikingwa na ukuta wa mawe, na kila nyumba ilitunza kipande chake. Mtu hakukagua cha mwenzake.

Imamu wao, Shehe Muhyiddin bin Shee, alitunza pima sita za ukuta huo. Mwezi wa Rajabu kibla cha msikiti, pale imamu asimamapo kuswalisha, kilipasuka. Shehe akatoa mawe katika pima zake, akakijenga upya, akinuia kuyarudisha baada ya Ramadhani. Katika Shaabani ikaja tufani. Bahari ikaingia, ikachukua watu thelathini na mmoja, na mji wote, ukuta na msikiti pamoja.

Waliosalimika walikimbilia kilimani na mtama kidogo waliouokoa. Huko wakatafuta mwenye dhambi, wakamwona Vuai, mgema wa tembo. Mkubwa wao, Mwinyi Mshindo, akamwambia, "Mitungi yako ndiyo iliyotuletea ghadhabu. Toka wewe na binti zako, na mtama wetu msiuguse."

Vuai akajibu, "Kama bahari hufuata tembo, Mwinyi, ingeanzia kwako. Nani aliyekuwa akinibishia hodi kila jioni?"

Baadhi wakacheka, lakini hukumu haikubadilika. Mvua ilikuwa ikinyesha, na nyuma ya kilima ni nyika tupu. Wakamwomba Shehe aithibitishe hukumu kwa dua.

Mawe yalikuwa yamekwenda na maji. Hapakuwa na shahidi wa alikoyatoa Shehe mawe hayo ila Mola wake. Akasema, "Vuai asitoke. Bahari ilipita kwenye pima zangu. Niliyatoa mawe nikajengea kibla."

"Shehe," akasema Mwinyi, "hiyo ilikuwa nyumba ya Mungu."

"Na mawe yalikuwa kinga yenu. Sikuwaomba ruhusa."

Mwana Shali, aliyepoteza wanawe wawili, akainuka, akamtazama, akaenda zake. Mwinyi akapaza sauti, "Basi na atoke yeye!"

"Mwacheni," akasema Vuai. "Mvua hii mnataka imnyeshee nani hasa?"

Hakutoka mtu; Vuai na binti zake wakapewa mtama. Shehe hakuswalisha watu tena. Mwana Shali alifariki hajamsamehe, wala Shehe hakumlaumu.

Dhambi ya siri mja huitubia kwa Mola wake. Lakini ikitwikwa mwingine, toba haitimii mpaka mwenyewe aseme mbele za watu: hii ni yangu.