Siku Tatu za Fundi Barhani

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mji, pakawa mfalme, pakawa na watu wasio na pa kulala. Sogeeni basi, na wa nyuma waache kunong'ona.

Hapo kale mto ulifurika ukakibeba kijiji cha Shungini, kuta na paa na vyungu vyake. Mfalme akaingiwa na huruma. Akamwita Barhani, fundi wake mkuu, akamwamuru awajengee watu wale nyumba arobaini za mawe.

Barhani alikuwa hodari, tusimvunjie heshima. Ila alikaa juu ya zulia la mfalme akachora, akachora, akachora. Shungini kwenyewe hakukanyaga. Nyumba zikatoka nyeupe, mistari miwili inayotazamana, mlango kwa mlango. Baraza ya nje hakuna. Jiko liko katikati ya nyumba, dirisha halina.

Mashavu, msusi wa makuti, alikwenda kuziona akarudi mnyonge. Yeye, mama yake na binti zake watatu walikuwa wakilala kwenye kibanda cha majani tangu mafuriko. Nyumba aliitaka kuliko kitu chochote. Lakini mgeni wa kiume akija, atamketisha wapi, kitandani? Na kukataa hakukuwezekana: mfalme alishatangaza kwamba asiyehamia ifikapo Ijumaa, nyumba yake watapewa askari.

Wenzake walitaka kwenda kulalamika. Mashavu akawazuia, akajifunga kanga safi, akaenda barazani kwa mfalme. Ndiyo, mfalme baraza anayo.

"Mwinyi," akasema, "nyumba ni nzuri mno. Ila kwetu nyumba mpya haihamiwi mpaka fundi aliyeijenga akae ndani siku tatu na jamaa zake. Ndiyo baraka yake."

Mila hiyo ilikuwepo? Mimi sijui, mwulizeni Mashavu. Mfalme aliipenda. Barhani akahamia na mkewe. Na mama mkwe wake, Bi Mize, akapewa kwa heshima zote nyumba inayotazamana na yao.

Siku ya kwanza watu wakaja kutoa hongera. Baraza hakuna, wakaingia ndani. Wakaketi mkekani, wakaketi kitandani, wakaketi juu ya sanduku la nguo za mkewe. Mke wa watu akajibanza nyuma ya pazia mpaka adhuhuri.

Siku ya pili mke akakaanga samaki. Moshi ukatafuta pa kutokea, haukupata, ukakaa. Wakala huku wanatokwa na machozi.

Siku ya tatu, jamani, siku ya tatu. Asubuhi Barhani akafungua mlango, kajifunga shuka moja, mswaki mdomoni. Mbele yake mlango uko wazi, na Bi Mize yuko kichwa wazi anasukwa nywele. Mtu na mkwewe, macho kwa macho. Aibu yake mnaijua. Akafunga. Akafungua tena: mkwe yupo. Akafungua mara ya tatu: mkwe yupo, kajifunika kanga, anasonya.

Barhani akabaki ndani na njaa yake. Mwisho akapenya kidirisha cha chumba cha nyuma, akaanguka pu, miguuni pa Mashavu na wenzake waliokuwa wakisuka makuti. Hakucheka mtu. Nawaambieni, ilikuwa kazi.

Akajipangusa vumbi, akaketi mchangani. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mashavu, dada yangu, milango mnaitaka wapi?"

Mashavu alikuwa amejiwekea maneno makali ya siku hiyo. Yote yakampotea, kwa maana tangu mto ulipowafukuza hakuna aliyewauliza chochote.

"Kwanza kaombe Ijumaa isogezwe," akamwambia. "Kisha rudi, tukuoneshe."

Barhani akaenda, akakubaliwa, akarudi akiwa amevaa kanzu. Mashavu akampisha kwenye mkeka, akampa kijiti, akamwambia achore hapo mchangani, wote waone.

Hadithi yangu nimeifikisha, nami napumzika. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu niachieni mwenyewe.