Karatasi ya Mahudhurio ya Mwisho wa Mji

Palikuwa na sultani mmoja, Badawi bin Hilali, aliyependa sana kuwashirikisha watu wake. Akishaamua jambo, hakosi kuwaita mkutanoni awaulize wanalionaje.

Basi akaamua kujenga reli, treni ziwalete wafanyakazi mjini asubuhi na kuwarudisha jioni, na kando ya kila kituo zisimame nyumba mia tatu za ghorofa. Viwanja vilikuwa na wenyewe, lakini hilo halikumsumbua. Akaitisha mkutano mtaa wa Mikoroshini. Watu wakakataa katakata. Wakapewa soda, kisha ikapitishwa karatasi ya mahudhurio: jina, makazi, sahihi. Si mnatujua sisi na karatasi ya mahudhurio? Ikifika mbele yako unasaini, hata kama ni ya msibani. Kesho yake yakaja matingatinga. Watu wakauliza kulikoni, wakaonyeshwa sahihi zao.

Zamu ikafika mtaa wa Mwisho wa Mji, alikokaa Tabu binti Makame, muuza mihogo ya kukaanga. Mdomo wake ulikuwa na pilipili kuliko mihogo yake. Nyumba yenyewe vyumba viwili vya udongo, lakini mama yake alikuwa kipofu, na ndani ya kuta zile, na hapo tu, bibi yule alitembea bila kushikwa mkono. Tabu aliogopa, tusidanganyane. Tangu tangazo la mkutano libandikwe, mihogo ilikuwa ikimwungulia kila siku.

Siku ya mkutano akakaa mbele kabisa. Sultani akahutubia saa mbili nzima juu ya maendeleo. Alipomaliza, karani wake, Faki, akatoa karatasi.

"Asiyesaini hakuhudhuria," akatangaza. "Na asiyehudhuria hana pingamizi."

Hapo ukisaini umekwisha, usiposaini umekwisha. Watu wakatazamana. Tabu akaipokea karatasi, akaisoma, akasimama.

"Mtukufu, naogopa kuvunja itifaki. Muuza mihogo aandikwe juu, mgeni rasmi awe chini yake?"

Sultani akamtupia karani jicho baya. "Mwanamke huyu ana adabu. Kule Mikoroshini hamkunipa hata kalamu."

Akaandika kwa madaha: Badawi bin Hilali, Kasri la Mnarani, na sahihi iliyokula mistari mitatu. Tabu akaipokea tena karatasi kwa mikono miwili.

"Kabla sijaandika, Mtukufu, niulize. Wa Mikoroshini walikataa kwa midomo yao. Mbona wamehamishwa?"

"Maneno ya mdomo yanapeperuka. Mimi naangalia karatasi. Aliyeandika jina na makazi yake hapo, makazi hayo ameyatoa kwa reli."

"Hata kama alidhani ni mahudhurio tu?"

"Angeuliza."

"Ndiyo maana nauliza. Na akijuta, akataka kulifuta jina?"

"Hakuna kufuta. Nikiruhusu kufuta, Mikoroshini yote itanirudia kesho."

"Hata akiwa mtu mkubwa, mwenye watu wake serikalini?"

Sultani akatabasamu, akawageukia watu ili wote wamsikie vizuri.

"Sheria yangu haitazami sura ya mtu. Mkubwa na mdogo, wote ni sawa."

"Karani, umeyaandika hayo?"

"Nimeyaandika," akasema Faki, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika kila kitu.

"Na muhuri?"

"Nimegonga."

Tabu akamrudishia karatasi bila kuigusa kwa kalamu. Nyuma yake hakuna aliyenyoosha mkono kuiomba.

"Basi sisi wa Mwisho wa Mji hatukuhudhuria, Mtukufu, kwa hiyo hatuna pingamizi. Karatasi ina makazi mamoja tu. Vyombo vya kasri utavitoa mwenyewe leo, au matingatinga yavikute kesho?"