Bado Hajauliza

Wahenga hawakukusudia kitanda waliponena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walimkusudia mtu mwenye haja na shingo ngumu, kwa maana haja haimfuati aliyesimama wima. Fundi Herufi alikuwa mtu wa namna hiyo hasa.

Alikuwa mchoraji wa vibao vya maduka, na herufi zake zilinyooka kama askari wa gwaride. Nyumbani, hata hivyo, alikuwa mpweke kama kinu kisicho na mchi. Mkewe alifariki miaka mingi nyuma, na binti yao wa pekee aliolewa mbali. Binti alipiga simu kila Jumapili.

"Baba, umekula?"

"Nimekula, mama."

Mara nyingi sufuria ilikuwa bado kavu.

Kazi moja tu aliingoja kwa hamu. Kila mwaka, Ndugu wa Randa, chama kikongwe kilichoanzishwa na maseremala kisha kikawapokea watu wa kila kazi, kilimwita kuandika majina ya ndugu waliofariki kwenye ubao wa ukumbini. Katibu, mzee aliyewahi kuuza dawa, alimfungulia mlango, akamimina chai vikombe viwili, nao wakazungumza hadi rangi ikakauka. Fundi alivitazama viti vilivyopangwa duara, akatamani kimoja kiwe chake. Wenye viti wale waliuguzana, walizikana, walitaniana. Lakini moyoni aliapa, "Sijipendekezi kwa mtu. Wakinitaka, wataniita."

Kila mwaka, alipokwisha kuosha brashi zake, Katibu alimwuliza, "Fundi, huna swali lolote?"

"Sina, mzee wangu."

Katibu alitikisa kichwa, akafunga mlango.

Miaka kumi na saba ikayoyoma hivyo. Mwaka uliofuata, mlango ulifunguliwa na kinyozi wa mtaani, katibu mpya. Alimkabidhi karatasi yenye jina moja tu. Lilikuwa la yule mzee.

Fundi alichora herufi mbili, akaiweka brashi chini. Uchungu wa miaka yote ukamtoka kwa mkupuo.

"Nimeingia humu mpaka nywele zimeota mvi! Hakuna hata mmoja aliyeniambia, karibu ukae. Mmeniona sifai?"

Kinyozi alimkodolea macho. "Nani kakwambia sisi huwaita watu? Huo ndio mwiko wetu mkubwa. Ndugu hamwaliki mtu. Anayetaka huomba mwenyewe, kwa kinywa chake. Marehemu kila mwaka alirudi kikaoni akatuambia, 'Bado hajauliza.' Alitaka kuwa mdhamini wako, fundi."

Fundi alihisi kama aliyemwagiwa maji ya barafu. Alilimaliza jina lile, akaosha brashi. Safari hii hakuulizwa kitu.

Kwa siku tatu alipigana na kiburi chake. Mkewe alizoea kumtania kuwa shingo yake imepigwa pasi. Siku ya nne aliingia kwa yule kinyozi, wateja wamejaa tele.

"Nimekuja kuomba," alisema.

"Kunyolewa? Subiri zamu."

"Kuomba kuingia chamani."

Kinyozi alizima mashine. Alimweleza taratibu: barua atakayoiandika mwenyewe, wadhamini wawili wanaomfahamu, ugeni wa ndugu watatu nyumbani kwake, kisha kura ya gololi. Gololi moja nyeusi ingetosha kumfungia mlango.

"Mimi nitakudhamini. Wa pili ni nani?"

Aliyemfahamu Fundi alikuwa ameshazikwa. Ndipo akakumbuka kuwa jirani yake, mwuza vioo, alikuwa mmoja wa ndugu wa chama. Kwa miaka kumi na mmoja walikuwa wamepeana salamu tu. Aligonga mlango wake.

"Jirani, samahani. Sina mtu wa kunisemea. Hata wewe hunijui, na kosa ni langu."

Mwuza vioo aliduwaa. "Kumbe! Mimi nilidhani wewe ndugu yangu hutaki watu. Pita ndani, basi. Tuanze leo kujuana."

Miezi sita baadaye wale watatu walifika. Nyumba ilikuwa na kiti kimoja. Wawili wakakaa juu ya madebe ya rangi.

"Kwa nini unatutaka?" waliuliza.

Maneno aliyoyakariri yalimpotea. "Nataka awepo mtu wa kushtuka siku nisipofungua mlango."

Gololi zote zilitoka nyeupe. Fundi aliupokea mkono wa kila ndugu mle ukumbini, na katika kila uso alimtafuta mzee mmoja asiyekuwapo. Kiti alikipata, lakini mzee aliyemtunzia hakuwahi kumwona akikikalia. Usiku ule, uliokuwa wa Jumapili, binti alipomuuliza kama amekula, alijibu kuwa amekula, na safari hii ilikuwa kweli, kisha akalia. Kuinama hakukumvunja mgongo. Kuchelewa kuinama ndiko kulikomvunja moyo. Naam, mtaka cha mvunguni sharti ainame, tena ainame mapema.