Selina na Ziwa la Juu

Wazee waliotuachia maneno haya mawili, kawia ufike, hawakuwa wakiwatetea wavivu. Walitaka tujue kwamba safari ni ya aliyefika, si ya aliyetoka mbio, na kwamba heri kuchelewa ukafika kuliko kuwahi ukaishia njiani. Asiyeamini na awaulize wanakwaya wa Mavuno, kule Misigiri.

Kila Jumatatu ya Pasaka kwaya hiyo hupanda mlima kwenda kwenye maziwa mawili, la chini na la juu. Huko juu hukutana na kwaya ya upande wa Nduguti kwa ibada. Tangu zamani walikuwa na utaratibu walioiga kwa wachungaji wa mifugo. Kama vile ng'ombe mwenye ndama mchanga anavyotangulizwa kundi linapokwenda kunywa maji, ndivyo mwanakwaya mwenye mguu mzito alivyotangulizwa, na wengine wote wakafuata mwendo wake. Walichelewa, ndiyo, lakini walifika wote.

Mwaka huu mwenyekiti alikuwa Chediel, kijana mwenye sauti nzuri na papara nyingi. Asubuhi na mapema alisimama mbele ya kanisa, raba zake mpya zikimeremeta, akatangaza:

"Jamani, leo kila mtu kwa mguu wake. Tumealikwa kwenye tamasha la mbali, na safari ya huko inataka watu wenye nguvu. Atakayefika ziwa la juu kabla kwaya yetu haijaitwa kuimba, huyo ndiye mwanakwaya. Asiyefika atapumzika, awe anatuombea akiwa nyumbani."

Hakumtaja mtu, lakini macho yote yalimgeukia Selina, mama yake Eliana. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba tangu wakati wa palizi. Mumewe alikuwa amefariki, Eliana ameolewa mbali huko Kintinku, na kitu pekee kilichobaki cha kumtoa nyumbani kwa furaha kilikuwa mazoezi ya kwaya. Kumwondoa kwenye kwaya kulikuwa sawa na kumzika angali hai. Tena aliyesema hayo ni Chediel, ambaye Selina ndiye aliyemfundisha kuimba wakati hajui hata kujifuta kamasi!

"Sawa, mwenyekiti," Selina alijibu. Moyoni alisema mengine.

Vijana walitoka mbio kama ndama waliofunguliwa zizini, na kufumba na kufumbua hawakuonekana. Selina alibaki nyuma na Mzee Manase, mwenye punda aliyebeba madumu ya maji na kikapu cha viazi vitamu vya kuchemsha. Jua lilipanda nao. Mguu mmoja wa Selina ulitembea, wa pili ukaburutwa. Alichoka mapema, akachoka tena, mwisho akawa anakwenda tu kwa sababu alikuwa hajasimama.

"Mzee Manase, mimi nirudi tu," alisema walipoifikia miamba.

"Kurudi nako ni kutembea, mama. Bora utembee huko unakokwenda."

"Basi tukae kidogo."

"Ukikaa, goti litakaza. Twende hivi hivi, kidogo kidogo."

Walipofika ziwa la chini waliwakuta vijana wamelala chini ya kivuli cha mwamba, midomo imewakauka. Walikuwa wameshindana kupita njia ya mbuzi ili kufupisha safari, Chediel akateguka kifundo cha mguu, wakapokezana kumbeba juani hadi nguvu zikawaishia. Maji yao yote walikuwa wamemwachia punda, na ya ziwa lile yana magadi. Walikuwa wameyaonja wakayatema.

Selina alisikia furaha mbaya ikimpanda kifuani, akaona aibu. Aliwamiminia maji mmoja mmoja. Akavua kanga yake, akampa Mzee Manase amfunge Chediel mguu.

"Twendeni basi, ibada itatupita," alisema.

"Mama, tangulia tu," alisema Peniel, msichana wa sauti ya kwanza, akiwa na kiazi mdomoni. "Tunapumzika kidogo. Tutakupita hapo hapo juu."

Selina alikitamani kile kivuli mpaka machozi yakamlenga. Lakini alijua akikaa hainuki. Akaenda peke yake, Mzee Manase akibaki na Chediel, huku nyuma waliokunywa na kushiba wakianza kukoroma.

Kwenye ziwa la juu, kwaya ya Nduguti ilikuwa imekwisha kuimba. Mchungaji akaita:

"Kwaya ya Mavuno, wapo?"

Akaita tena, akiwa tayari kuendelea na ibada.

"Tupo!" sauti ikajibu kutoka kwenye mawe.

Watu wakageuka. Selina alikuja akichechemea, vumbi hadi kwenye nyusi, nao wakachungulia nyuma yake kuwatafuta wenzake. Hapakuwa na mtu. Alishika mwamba, akavuta pumzi, akaanza kuimba sauti ya pili, ile isiyozoea kusimama peke yake. Sauti haikutetemeka. Watu wa Nduguti, walioujua wimbo ule, wakamtilia sauti ya kwanza polepole.

Ubeti wa mwisho ulikuwa unaisha alipotokea punda wa Mzee Manase, Chediel juu yake, miguu inaning'inia. Vijana walimfuata wakijikokota.

"Na hawa ni nani?" mchungaji akauliza.

Selina akamtazama Chediel, naye Chediel akatazama chini. Kwa sharti alilolitangaza mwenyewe asubuhi, kwaya nzima sasa ilikuwa mwanamke mmoja mwenye goti bovu. Neno moja la Selina lingetosha kumaliza hesabu.

"Ni wenzangu, mchungaji," alisema. "Wamechelewa kidogo. Naomba waimbe."

Chediel aliposhushwa, alilia mbele za watu wote, na hakuna aliyemcheka. Hakika, kawia ufike.