Wageni Waliokula Maji

Bwana asifiwe, wapendwa. Kaeni vizuri, na yule mama wa benchi la tatu amgeuze mtoto atazame huku, maana mfano wa leo hata mtoto ataondoka nao. Nimeutunga mwenyewe kwa siku mbili, bila kufungua kitabu chochote. Wahubiri watatu wenye digrii zao wameshaniomba niwape, nikawaambia subirini. Mkiusikia kanisa jingine, mjue ulitokea mlango huu.

Alikuwepo profesa mmoja, mzee, aliyefiwa na mkewe. Kazi yake ilikuwa kusoma Maandiko ya kale. Sisemi kusoma kama tunavyosoma mimi na wewe, aya moja halafu usingizi. Yeye alisoma nakala zilizoandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya mbuzi, zamani, kabla mtambo wa kuchapa haujafikiriwa. Kwani ninyi mnadhani Biblia iliyo mapajani mwenu ilishuka na zipu yake? Barua yenyewe ya kwanza, ile ya mkono wa mtume, hakuna aliye nayo leo. Ilishikwa, ikasomwa, ikapitishwa nyumba kwa nyumba mpaka ikachakaa. Kilichotufikia ni nakala ya nakala ya nakala, na kila moja iliandikwa na mtu mwenye mgongo unaouma na taa inayotoa moshi.

Watu wanaozisoma nakala hizo nawapa heshima zao, na mimi heshima siigawi ovyo. Wananawa mikono, wanaikausha, wanafunua ngozi kama unavyomfunua mtoto mchanga aliyelala. Wanaweka nakala hii, wanaweka na ile, wanalinganisha neno kwa neno. Neno kwa neno! Wewe hata ujumbe wa simu wa mkeo hufiki mwisho. Penye wino uliofutika wanamulika taa ya namna yake, na neno lililopotea miaka elfu moja linaamka. Na nakala zikipishana, hawafichi. Neno wanaloliamini wanalichapa juu, na lile walilolikataa wanaliweka chini ya ukurasa kwa herufi ndogo, ili mtu yeyote apime mwenyewe. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hapo nilielewa kwamba hawa ni watu waaminifu.

Basi profesa wetu alikuwa ametoa chapa ya kitabu kimoja kitakatifu. Msianze kupekua, hamtakipata. Kiko kichwani mwangu tu. Ndani yake kuna mahali ambapo mtu anazikwa. Nakala tatu zinasema hivi: "Wakamzika, wakalia, wakarudi nyumbani." Basi. Kavu kabisa. Lakini nakala arobaini zinaongeza sentensi moja: "Naye aliyelala hayuko mbali."

Tamu, au si tamu? Profesa aliipenda. Akahesabu arobaini kwa tatu, akaichapa juu. Na mkewe alipofariki, sentensi hiyo ndiyo aliyoichonga kwenye jiwe la kaburi. Kila Jumamosi alikwenda pale, anafuta vumbi, anaisoma kwa sauti, anarudi nyumbani akiwa na nguvu ya kupika uji wake peke yake.

Miaka ikapita. Chapa mpya ikawa inaandaliwa, ya mwisho maishani mwake. Alikuwa na mwanafunzi, mama wa watoto wanne, aliyefanya kazi ya kulinganisha nakala zile kwa miaka tisa. Utafiti wake usingepita bila sahihi ya mzee. Siku moja mama huyo akagonga mlango, makaratasi kifuani.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanifukuza."

"Marahaba. Nani kakwambia nafukuza watu? Keti. Chai ipo."

"Chai baadaye, Mwalimu."

"Ehe! Basi ni mambo mazito."

"Ni ile sentensi. Nadhani haimo."

Mzee akacheka. "Binti yangu, arobaini kwa tatu! Hata mwenyekiti wa mtaa hapati kura hizo."

"Mwalimu, si arobaini. Ni mmoja."

Akamfungulia ukurasa mwingine kabisa, mahali ambapo mtu anakaribisha wageni. Zile nakala tatu zinasema: "Akaleta maji, wakanawa, akaleta mkate, wakala, wakashiba." Lakini zile arobaini zote, kutoka nchi mbalimbali, zinasema: "Akaleta maji, wakala, wakashiba."

Wamekula maji! Na wakashiba! Sijui wageni hao walitoka wapi, lakini ningependa wawe wageni wangu, maana ni wa bei nafuu.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo ilipo akili ya watu hawa. Wanafunzi arobaini wakiandika jibu sahihi kwenye mtihani, huwezi kusema nani aliangalizia kwa nani. Lakini wote arobaini wakiandika kosa moja, lilelile la ajabu, mwalimu anajua walimwangalizia mtu mmoja. Hilo nalijua vizuri sana. Darasa la tano walimwangalizia mwanafunzi mmoja mwerevu, jina lake sitalitaja kwa unyenyekevu, na siku hiyo mwerevu huyo alikuwa amesema Mto Nile unamwaga maji yake Morogoro.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwandishi mmoja wa zamani, macho yamechoka, aliruka mstari mzima. Aliyenakili kwake akaona wageni wanakula maji, akaogopa kugusa neno takatifu, akaandika vilevile. Na aliyemfuata vilevile. Walikuwa waaminifu, ndugu zangu, hata kwa kosa! Kwa hiyo nakala arobaini zilikuwa watoto wa mama mmoja. Na zile tatu? Kila moja ina makosa yake, tofauti na ya mwenzake, kwa hiyo hawakuangaliziana. Hao ni mashahidi watatu. Dhidi ya mmoja.

"Na sentensi yenyewe ilitoka wapi?" mzee akauliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Nimemulika ile ya zamani kuliko zote katika hizo arobaini. Imo pembeni mwa ukurasa, Mwalimu. Wino mwingine, mkono mwingine. Kuna msomaji aliiandika pale, na aliyenakili baadaye akadhani ni sehemu ya habari, akaiingiza ndani."

Mzee akayasogeza makaratasi karibu. Kisha akasema, "Unajua sentensi hiyo nimeichonga wapi?"

"Najua. Siku ya mazishi nilikuwepo."

"Unajua kwamba nisipotia sahihi, miaka tisa yako imekwenda na maji?"

"Najua, Mwalimu."

"Na bado umekuja."

"Wewe ndiye uliyenifundisha. Ulisema hatuchapi tunachokipenda, tunachapa kilichoandikwa."

Je, wewe ungefanyaje? Sema kweli, shetani hasikii. Mimi ningemwambia acha makaratasi, nitayaangalia. Na ningeyaangalia siku ya kiyama.

Mzee hakumfukuza. Wala hakumwamini kwa maneno tu. Siku nne aliketi na nakala zile, moja baada ya nyingine, mpaka wageni wa nakala zote arobaini wakawa wamekula maji mbele ya macho yake. Siku ya tano akamwita. Mbele yake akachukua kalamu, akaikata sentensi ile kwa mstari mmoja, akaishusha chini ya ukurasa, kwenye herufi ndogo. Kando yake akaandika: "Niliiweka juu mimi katika chapa ya kwanza. Nilikosea. Aliyenionyesha ni mwanafunzi wangu." Akaandika na jina la mama yule kwa ukamilifu wake, kisha akatia sahihi kwenye utafiti wake.

Mama yule machozi yakamtoka. "Na jiwe, Mwalimu? Utalibadilisha?"

"Jiwe liache. Pale nimeandika ninachomwambia mke wangu. Na yule aliyeandika pembeni, nadhani naye alikuwa amefiwa. Ila hapa tunaandika walichoambiwa watu wote. Hapa sina ruhusa ya kuongeza hata kilio changu."

Naona mnatikisa vichwa. Mnasema, mhubiri leo katupa habari za vitabu, tumshukuru, twende tukale. Ngojeni. Kaeni.

Mwezi wa sita, hapa hapa, baraza la wazee lilimsimamisha mama mmoja asiongoze tena ushirika wa akina mama. Kwa nini? Ameonekana akitoka kwa mganga wa kienyeji. Nani alimwona? Watu wote wanasema. Tukahesabu. Kwaya wanasema, bombani wanasema, jumuiya tatu zinasema. Nani atapinga watu wote? Tukapiga kura na kufunga kwa sala.

Wiki tatu hizi nimefanya kazi ya yule mama wa makaratasi. Nimepita nyumba kwa nyumba, naketi, nauliza swali moja tu: simulia ulivyosikia. Watu thelathini na saba wamenisimulia. Na wote, ndugu zangu, kila mmoja kwa kinywa chake, wamesema mama yule alikuwa amejifunga kilemba cha kijani.

Kijani! Mwezi ule mama yule alikuwa amemzika mama yake mzazi. Tangu siku ya matanga hadi siku ya arobaini hakuvaa rangi yoyote isipokuwa nyeusi, na ninyi mlikuwa mnapita nyumbani kwake kumpa pole. Mlimwona kwa macho yenu. Lakini mdomoni mlimvika kijani, kwa sababu ndivyo mlivyopewa.

Basi hatukuwa na mashahidi thelathini na saba. Tulikuwa na mmoja. Nikamfuata huyo mmoja. Huyu alisikia kwa yule, yule kwa mwenzake, mwenzake kwa fundi cherehani, fundi cherehani alisikia kwenye harusi ya kijana wa mzee wa kanisa, meza ya mbele, kwa mtu aliyekuwa anachekesha wageni.

Aliyekuwa anachekesha wageni ni mimi.

Nilitania kwamba nimemwona mama yule akitoka kwa mganga. Nilitaka watu wacheke, wakacheka, nikaongeza na kilemba ili kicheko kiwe kikubwa. Kisha nikaketi kwenye baraza, nikasikia maneno yangu mwenyewe yakirudi na watu thelathini na saba nyuma yake, na sikuyatambua. Nikapiga kura.

Sisi tunaobeba Neno hili mikononi, tumelipata safi kwa sababu kuna watu waliokubali kuumia macho na kuumia moyo kuliko kuacha uongo mtamu juu ya ukurasa. Je, jina la jirani yetu lina thamani ndogo kuliko ngozi ya mbuzi? Kabla hujasema "wote wanasema", uliza wote walisikia kwa nani. Na ukikuta njia inaishia mlangoni kwako, usibadilishe habari. Sema mbele ya watu, kwa jina lako.

Mimi nilikosea. Mama, uko kule mwisho karibu na mlango, mahali ulipohamia tangu mwezi wa sita. Usije huku mbele, si wewe wa kutembea. Wapendwa, naomba mnipishe njia hapo katikati, nashuka.