Mashine Iliyoitoa Pete ya Asumini

Sogeeni, na kila mtu aje na akili yake mwenyewe. Jambo hili liliwashinda wenyewe waliokuwa nalo, na mimi sikuja na jibu mfukoni.

Mikindani walikuwepo watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Mfaume alikuwa fundi redio, na kipaji chake kilikuwa kutoamini. Hakununua hata betri bila kuijaribu mbele ya muuzaji. Tausi alikuwa mchokoaji wa pweza, akiwatoa miambani kwa fimbo, na alijua mchanga wa pwani ile unahamia wapi kama wengine wanavyojua njia ya sokoni. Likongo alipiga zumari ngomani. Ukigonga sufuria mbili nyuma ya ukuta, alikwambia ipi imepasuka.

Sasa nije kwa pete.

Bi. Somoe alikuwa na pete ya dhahabu aliyoachiwa na mama yake. Mwanawe Chande alipomwoa Asumini, mama yule aliivua na kumvisha mkwewe. Vidole vya Asumini vilikuwa vyembamba, basi akaizungushia uzi mwekundu wa nailoni ili isimponyoke. Sikukuu ya Idi wanawake wa nyumba ile wakaenda kuoga baharini. Asumini akarudi kidole kitupu.

"Mama, pete imeniponyoka majini," alisema. "Nimeitafuta mpaka maji yakanifika kifuani."

Siku hiyo Bi. Somoe aliendelea na mapishi ya sikukuu. Maneno aliyaanza kaka yake Asumini alipoonekana mjini na pikipiki mpya.

"Bahari imemeza pete, imetapika pikipiki," alimwambia jirani, akiwa amekaa chini ya dirisha la mkwewe makusudi.

Kuanzia hapo kabati la vyombo likafungwa, na ufunguo ukahamia kwenye pindo la kanga ya Bi. Somoe. Asumini akiingia jikoni, mazungumzo yalikatika. Akitoka sokoni, kikapu chake kilipekuliwa kwa kisingizio cha kusaidiwa kupanga nyanya. Hayo aliyavumilia. Lililomvunja lilikuwa jingine. Jioni moja mumewe alimwambia, "Hebu nieleze tena, ilikuwaje siku ile?" Akaeleza. Katikati ya maelezo akang'amua kwamba Chande alikuwa akilinganisha maneno ya leo na ya mwanzo.

Akayakata pale pale, akasema, "Nikiondoka, mtasema nimekimbia. Nikikaa, mnaniita mwizi kwa macho. Nichagulie wewe."

Chande aliona aibu. Asubuhi akaenda kwa Mfaume, rafiki yake tangu utotoni, akamweleza yote.

"Kuna mashine," Mfaume alisema. "Detekta. Wachimbaji wadogo wanatembea nazo, zinalia zikipita juu ya madini. Lakini sijapata kuishika, na sijui kama baharini inafaa."

"Tutanunua," Chande alisema. Siku hiyo hiyo, mbele ya mama yake, akatamka, "Atakayeitoa pete, mashine ni yake."

Wakaenda Mtwara mjini. Mfaume alibeba dumu la maji ya bahari, na Chande hakumuuliza la nini, maana alimjua. Dukani kulikuwa na mashine mbili. Moja ilikuwa nzuri kupita kiasi, ina kioo cha rangi na picha ya sarafu za dhahabu ubavuni. Ya pili ilikuwa nyeusi, nzito, haina hata kioo. Muuzaji alikuwa na beseni la mchanga mkavu. Akafukia hereni, akapitisha ile nzuri, ikalia vizuri kabisa.

"Wanaoanza wote wanachukua hii," alisema. "Inakuandikia yenyewe kama ni chuma au dhahabu."

Mfaume akatoa hereni, akamimina maji ya dumu kwenye mchanga, akasema, "Pitisha tena."

Mashine ile ikapiga kelele. Beseni halikuwa na kitu, lakini ilipiga kelele kila iliposogezwa, na kioo kikaandika dhahabu, kisha chuma, kisha dhahabu tena. Muuzaji mwenyewe akainama kuchungulia.

"Maji ya chumvi yanapitisha umeme," Mfaume alisema. "Mashine inayadhania madini. Tujaribu nyeusi."

Ile nyeusi ilipita juu ya mchanga uliolowa ikiwa kimya. Hereni iliporudishwa chini, ikalia mara moja.

"Lakini nikueleze ukweli, usije ukanilaumu," muuzaji alisema. "Hiyo haichagui. Kwake msumari na dhahabu ni kitu kimoja. Mtachimba mpaka mchoke."

Mfaume akauliza kama ikizama majini inakufa. Akaambiwa sahani ya chini na mpini wote vinazama bila madhara. Akaizamisha sahani kwenye ndoo ya duka, akaona bado inafanya kazi, ndipo akaichukua.

Muuzaji hakuwa ametia chumvi. Siku ya kwanza pwani walitoa misumari, vizibo vya soda, ndoano na kipande cha nanga, pale pale Asumini alipokuwa ameoga. Bi. Somoe alikuja na mwavuli, akakaa juu ya jiwe, akawatazama mikono. Kabla hawajachimba mahali popote aliwataka waonyeshe viganja na kukunja mikono ya nguo.

"Simwamini mtu," alisema. "Anayejua pete iliko anaweza kuileta mwenyewe akaifukia."

Hapo ndipo Tausi alipoingia, maana alikuwa akipita na fimbo yake ya pweza.

"Shikamoo, bibi. Hapa mnapoteza nguvu zenu bure," alisema. "Tangu Idi upepo wa kusi umekwangua pwani hii. Mchanga huu ni mgeni, umekuja juzi. Vitu vizito havikai juu, vinashuka na kukokotwa mpaka kwenye kokoto, kule chini ya mwamba. Kule naokota risasi za kuzamishia nyavu kila siku. Lakini hapafikiki mpaka bamvua, maji yakipwa sana."

Bi. Somoe akamgeukia. "Asumini anasema iliangukia hapa. Wewe unataka itafutwe kule. Nani kakwambia iko kule?"

"Bahari, bibi," Tausi alijibu. "Na wewe ukitaka, njoo ukae kule na mwavuli wako."

Wakasubiri bamvua. Maji yalipokupwa, mwamba ukatoka na kokoto zikaonekana. Mashine haikunyamaza, na kila ilipolia, ilikuwa ni risasi ya nyavu au msumari. Maji yangerudi muda si mrefu. Mfaume alichoka, akaanza kuruka sauti ndogo na kuchimba kubwa tu.

Ndipo Chande akamwita Likongo, aliyekuwa amekuja kutazama kama watu wengine wa mtaa. Akavishwa visikilizio vya masikioni vilivyokuja na mashine. Mfaume alishika mpini, Tausi akashika koleo, Likongo akasikiliza macho yamefumbwa.

"Huu ni msumari," alisema. "Unalia mara mbili, kichwani na mkiani. Hii risasi, ina sauti nene. Msichimbe."

Wakaenda hivyo kando ya mwamba. Mara Likongo akainua mkono. "Rudi. Polepole."

Mfaume akarudisha, akaazima kisikilizio kimoja. "Hapa hakuna kitu, ni mashine tu inakoroma."

"Kipo. Kiko mbali, lakini sauti yake ni moja, ya mviringo. Chimbeni."

"Maji yanarudi, Likongo."

"Basi chimbeni haraka."

Tausi alionyesha viganja kwa Bi. Somoe bila kuambiwa, akapiga koleo kati ya mawe. Shimo likajaa maji, akachota tena, akachota tena. Katika mkupuo wa mwisho, kati ya kokoto na vipande vya kome, ikatoka pete.

Bi. Somoe aliinyakua kwanza. Akaigeuza, akaisogeza karibu na macho akitafuta hila. Ndani ya pete uzi bado ulikuwepo, umepauka mpaka karibu kuwa mweupe, umeshikwa na utando wa kijani na chembe ngumu za chokaa zilizoota juu yake. Akajaribu kuzibandua kwa ukucha, zikakataa. Uzi ule haukuwekwa baharini jana.

Maji yalikuwa tayari yanamfika miguuni. Akaenda kwa Asumini, aliyekuwa amesimama pwani mbali na watu, akamnyooshea pete.

"Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mama," Asumini alisema. Lakini kidole hakukitoa. "Kaa nayo wewe kwanza. Nikiwa tayari nitaiomba."

Jioni ile Bi. Somoe akaondoa kufuli kwenye kabati, na hakuna aliyetaja pikipiki tena.

Mngesema hadithi imekwisha, lakini mashine ilikuwa bado iko sebuleni kwa Chande, na Chande alikuwa ametamka maneno.

Mfaume akasema, "Ningechukua ile nzuri ya dukani, mpaka leo mngekuwa mnachimba kelele. Bila mashine hii hakuna pete. Ni yangu."

Tausi akasema, "Mashine yako ilikuwa inatafuta pasipo na kitu. Mimi ndiye niliyeipeleka mahali, na koleo lilikuwa mkononi mwangu. Ni yangu."

Likongo akasema, "Mlikuwa juu ya pete, na mmoja wenu alitaka kuiacha. Mlipita bila kuisikia. Ni yangu."

Chande akapendekeza waitumie kwa zamu. Wakatazamana, na nyuso zao zikawa kama za nyumba ile wakati wa pete. Tausi aliuliza ni nani atakuwa nayo wiki ya bamvua. Likongo aliuliza, mtu akiokota dhahabu peke yake katika zamu yake, nani atamjua. Mfaume alisema mashine ikirudi imeharibika, kila mtu atasema aliiacha nzima. Watu waliosaidiana kuondoa shuku kwa mwenzao, sasa walikuwa hawawezi kuachiana mpini.

Chande alipokwama akamwita mkewe. "Wewe ndiye uliyesafishwa. Chagua wewe."

Asumini akawatazama wote watatu, watu ambao kila mmoja alikuwa amemtoa kwenye aibu. "Mimi nimehukumiwa bila ushahidi," alisema. "Sitaki kumnyima mtu haki yake kwa kubahatisha. Waulizeni wasiotudai wala tusiowadai."

Hao ni ninyi mliokaa hapa. Aliyekataa kudanganywa dukani, aliyejua bahari imeweka wapi, na aliyesikia wengine walipoona kimya: mashine ni moja, haikatwi vipande. Mngempa nani, na wale wawili mngewaambia nini usoni mwao?